Mtupaji mwenye kasi kuliko wote ni nani? Inategemea mpira umepimwa wapi

Mfanyabiashara anayevusha mahindi mpakani anajua kwamba gunia lile lile linaweza kuonyesha kilo nyingine upande wa pili, kama mizani hazikuwekwa sawa. Wapenzi wa besiboli nchini Marekani nao wana ubishi wa namna hiyo, na haujaisha hadi leo: nani aliwahi kutupa mpira kwa kasi kuliko wote?

Katika kumbukumbu za ligi kuu, jibu ni Aroldis Chapman, mzaliwa wa Cuba. Septemba 24, 2010, mjini San Diego, akiichezea Cincinnati Reds, alitupa mpira uliosomeka maili 105.1 kwa saa, sawa na kilomita 169. Baadaye takwimu zilirekebishwa, na mpira huo huo sasa umeandikwa maili 105.8, yaani kilomita 170. Chapman hakurudi uwanjani kuutupa upya. Kilichobadilika ni mahali pa kupimia.

Mtupaji husimama mita 18.4 kutoka eneo la mpigaji. Mpira wa kasi hufika kwa takriban sekunde 0.4, na njiani hewa huupunguza mwendo kwa zaidi ya kilomita 10 kwa saa. Ukipimwa unapotoka mkononi, namba huwa kubwa. Ukipimwa unapokaribia kufika, namba hushuka. Tangu 2017, ligi kuu husoma kasi ya mpira pale unapoachwa na mkono.

Hapo ndipo watetezi wa Nolan Ryan wanapopata hoja. Agosti 1974, akiwa na California Angels, Ryan alipimwa maili 100.9, sawa na kilomita 162. Lakini kifaa cha siku hiyo kiliusoma mpira ukiwa umebakiza kama mita tatu tu. Filamu ya Fastball, iliyotoka 2016, ilipiga hesabu upya kwa kipimo cha kisasa na kumpa maili 108.1, juu ya Chapman. Bob Feller, aliyepata maili 98.6 mwaka 1946 mbele ya mtambo wa kijeshi uliowekwa mwisho wa safari ya mpira, alipandishwa hadi 107.6.

Wanaopinga wanasema hayo ni makadirio. Mpira wa Ryan hauwezi kupimwa tena, na kosa dogo la kifaa cha zamani hukua linapozidishwa katika hesabu mpya. Rekodi ya Chapman, wanasema, ilipatikana kwa mitambo inayompima kila mtupaji, na wengine wanaikaribia: Septemba 2024, Ben Joyce wa Los Angeles Angels alifikisha maili 105.5.

Wapo pia ambao hakuna mizani iliyowapima wakiwa katika ubora wao. Satchel Paige, mtupaji mweusi aliyesifiwa sana kwa kasi yake, alifungiwa nje ya ligi kuu kwa sababu ya rangi. Alipoingia Cleveland mwaka 1948 alikuwa na umri wa miaka 42. Steve Dalkowski, ambaye wengi waliomwona wanaapa kwamba hakuwa na mpinzani, hakuwahi kucheza ligi kuu, kwa kuwa mipira yake haikulenga. Mwaka 1958 alipelekwa kupimwa siku moja baada ya kucheza mechi, mkono ukiwa umechoka, akasomeka maili 93.5 tu.

Ubishi huu unagusa mfuko. Chapman alitoroka timu ya Cuba mwaka 2009 ikiwa Uholanzi, na mapema 2010 akasaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 30, kabla hajatupa mpira hata mmoja katika ligi kuu. Kasi ndiyo iliyomtangulia sokoni.

Afrika Mashariki nayo imeshaingia katika mchezo huo. Mwaka 2012, vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za watoto huko Pennsylvania. Kijana wa huku akitaka kuonekana na klabu za Marekani, atakutana na kifaa cha rada, ndugu wa ile tochi ya askari wa barabarani.

Kwa waliopimwa, Chapman anaongoza. Kwa makadirio, ni Ryan. Paige hawezi kuwekwa upande wowote, maana miaka yake bora ilipita bila mtu kuleta kipimo.