Daraja la Nne na Mlango wa Chuo

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Ninyi mlio darasani, sogeeni karibu na redio. Nanyi mnaolisoma somo hili katika karatasi, someni polepole, na penye hesabu shikeni kalamu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: astashahada, stashahada, shahada. Yanafanana, lakini yana tofauti kubwa. Astashahada ni cheti cha kwanza cha chuo. Stashahada ni cheti kinachofuata. Shahada hutolewa na chuo kikuu.

Leo tutazungumza juu ya mtoto aliyemaliza kidato cha nne akapata matokeo ya kawaida. Hakuwa wa kwanza, wala hakufeli kabisa. Watoto wa namna hii ni wengi katika Tanzania, na wengi wenu mnao nyumbani. Kwa kawaida mtihani hufanywa mwezi wa Novemba, na matokeo hutoka mwezi wa Januari. Siku hiyo mtu mwenye simu husoma kwa sauti: "Daraja la nne." Nyumba hunyamaza. Baba husema fedha zake zimepotea. Kama mtoto ni msichana, baada ya wiki chache utasikia shangazi au mjomba ameanza kutaja mahari.

Ngoja kwanza, mzazi. Umesomewa neno moja tu, na karatasi ina maneno mengi. Sasa wewe unajua kusoma. Omba karatasi hiyo uisome mwenyewe, somo kwa somo.

Hebu tuone jinsi daraja linavyopatikana. Kila somo lina herufi. A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, na F ni 5. F ni kufeli. Herufi nyingine zote ni kufaulu. Huchukuliwa masomo saba ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi, na pointi zake hujumlishwa. Pointi zikiwa kidogo, matokeo ni mazuri. Pointi 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza. Kutoka 18 mpaka 21 ni la pili, 22 mpaka 25 ni la tatu, na 26 mpaka 33 ni la nne. Zaidi ya hapo ni sifuri.

Sasa tuchukue watoto wawili wa mfano. Mtoto wa kwanza amepata hivi: Kiswahili C, Jiografia C, Kiingereza D, Historia D, Uraia D, Biolojia D, Hisabati F. Jumlisheni. Tatu na tatu ni sita. D nne ni kumi na sita. Tumefika ishirini na mbili. Ongeza tano za Hisabati. Jumla ni 27, daraja la nne.

Mtoto wa pili amepata Kiswahili C, Jiografia C, Kiingereza D, Biolojia D, Kemia D, Fizikia D, Hisabati F. Jumlisheni tena. Ni 27 vilevile.

Majirani watasema watoto hawa ni sawa. Chuo hakitasema hivyo. Mtoto wa pili ana Biolojia, Kemia na Fizikia, na zote amefaulu. Anaweza kuomba kusomea utabibu, yaani kazi ya yule mganga anayewapokea katika zahanati na vituo vya afya. Mtoto wa kwanza hawezi kuomba kozi hiyo, maana hana Kemia wala Fizikia. Lakini yeye naye anaweza kuomba uhasibu, biashara, utunzaji wa kumbukumbu au maendeleo ya jamii. Chuo cha Elimu ya Biashara, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1965, ni kimoja katika vyuo vinavyofundisha kazi za namna hiyo.

Kipimo cha jumla cha kuingia astashahada ni kufaulu masomo manne, hata kwa D. Masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Ni masomo mema, lakini kwa hesabu hii yaweke kando. Baada ya hapo kila kozi ina masharti yake yenyewe. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuhesabu D na zilizo juu yake, na ya pili ni kutazama ni za masomo gani.

Daraja linaweza kudanganya hata kwa upande wa furaha. Mtoto mwingine amepata B moja, C moja na D tano. Hesabu: mbili, na tatu, na ishirini. Ni 25, daraja la tatu. Watu wamechinja kuku. Lakini kuingia kidato cha tano hutakiwa masomo matatu yenye C au zaidi, tena yanayopatana katika mkondo mmoja wa masomo. Huyu anayo mawili tu. Akikaa nyumbani akingoja kuitwa kidato cha tano, atangoja bure, na muda wa kuomba chuo utampita.

Sasa mtauliza: mtoto akishika njia ya chuo, shahada ndiyo basi? Hapana. Astashahada huchukua mwaka mmoja. Akifaulu, huendelea mpaka stashahada, na kwa kawaida yote pamoja ni miaka mitatu. Mwenye stashahada yenye wastani wa alama usiopungua 3.0 anaweza kuomba chuo kikuu, katika masomo yanayohusiana na yale aliyosoma. Chuo kikuu kitataka pia kuona yale masomo manne aliyofaulu kidato cha nne. Kwa hiyo D zile mlizozionea haya zitamfungulia mlango mara mbili.

Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili. Njia ya chuo ni ndefu kwa mwaka mmoja. Lakini fedha zikikatika katikati, mtoto wa chuo anaweza kurudi nyumbani na cheti cha kazi mkononi. Aliyekatishwa kidato cha sita hana cha kuonyesha. Kwa maoni yangu, nyumba yenye mapato ya mashaka ifikirie jambo hili hata kama mtoto ana nafasi ya kidato cha tano.

Na mtoto asiye na D nne? Vyuo vya ufundi stadi vya VETA hufundisha useremala, umeme, ushonaji, magari na mengine, na havidai masomo manne. Tena mtihani wa kidato cha nne unaweza kurudiwa na mtahiniwa wa kujitegemea, kwa masomo yale tu yanayohitajika. Yule mtoto wetu wa kwanza, kama moyo wake uko katika utabibu, anaweza kusoma Kemia na Fizikia akafanya mtihani. Asome penye mwalimu na maabara. Sayansi haishikiki kwa daftari la kuazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, huwasaidia watu wanaosoma nje ya shule.

Mabibi na mabwana, sasa fedha. Msiuze shamba wala ng'ombe kabla ya kuuliza swali hili: chuo hiki kimesajiliwa na NACTVET, na kozi hii yenyewe imeidhinishwa? NACTVET ndilo baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na mafunzo ya kazi. Kila mwaka hutoa kitabu chenye majina ya vyuo, kozi, masharti na ada. Mtu akija na tangazo zuri, akitaka ada leo leo kwa sababu "nafasi zinakwisha", mwambie akuonyeshe namba ya usajili. Iandike, kisha ipeleke kwa Afisa Elimu wa wilaya. Cheti cha chuo kisichosajiliwa hakimwingizi mtoto chuo kikuu.

Bodi ya mikopo ya serikali ilianzishwa kwa sheria mwaka 2004, na kwa miaka mingi ilikopesha hasa wanafunzi wa elimu ya juu. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya wanafunzi wa stashahada nao wamekopeshwa. Si kozi zote, basi ulizeni kozi yenu kabla ya kuitegemea.

Kazi ya darasa kwa wiki hii. Mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne, hata kama ni miaka mitano iliyopita, alete karatasi yake ya matokeo. Kaeni wawili wawili. Someni masomo, wekeni alama chini ya kila A, B, C na D, ondoeni masomo ya dini, kisha hesabuni. Mwalimu ataandika ubaoni majina ya masomo, si majina ya watoto. Halafu jadilianeni: mwenye masomo haya aombe kozi gani, na katika wilaya yetu nani anaifanya kazi hiyo ambaye tunaweza kumwuliza?