Kuteleza Si Kuanguka: Ugonjwa Unaporudi Baada ya Nafuu

Uwe jikoni, uwe dukani, au uwe kando ya kitanda cha mgonjwa, vuta kiti karibu na redio tuzungumze.

Leo tuanze na mfano. Tuseme kuna mama anayeishi ghorofa ya nne hapa Komarock. Aliugua korona, kikohozi kikaisha, lakini nguvu hazikurudi. Akipanda ngazi anahema. Akisimama kupika, kichwa kinazunguka. Miezi ikapita, akaanza kupata nafuu. Jumamosi moja akaamka mwepesi. Akasema, "Leo nimepona!" Akafua blanketi, akabeba mitungi ya maji, akaenda sokoni Kayole akarudi na mzigo. Jumapili alikuwa sawa. Jumatatu hakuweza kuinuka kitandani. Akalia, akidhani amerudi mwanzo kabisa.

Mama huyo yuko katika nyumba nyingi. Huenda ni wewe, au dada yako, au mtoto wako.

Ni ugonjwa gani huu?

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020. Wengi waliougua walipona. Lakini wengine walibaki na uchovu mzito, kuhema, usahaulifu, maumivu ya viungo na moyo kwenda mbio. Mwezi wa Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii: dalili ambazo kwa kawaida huonekana miezi 3 tangu kuugua, zikadumu angalau miezi 2, na zisielezeke kwa ugonjwa mwingine. Shirika hilo linakadiria kuwa hali hii huwapata watu 6 hivi kati ya kila 100 wanaougua korona. Wanawake huathirika zaidi kuliko wanaume, na watoto pia huweza kuipata.

Ni ugonjwa wa kutatanisha. Hakuna kipimo kimoja cha kuuthibitisha, wala dawa moja ya kuumaliza. Mgonjwa anaweza kupimwa damu na kupigwa picha ya kifua, yote yakaonekana sawa. Hapo ndipo majirani huanza kusema ni uvivu, au amerogwa. Si uvivu, na si uchawi.

Tena si jambo geni kwetu. Ugonjwa wa chikungunya ulitambuliwa mwaka 1952 kusini mwa Tanganyika, na jina lake limetoka katika lugha ya Kimakonde, likimaanisha kukunja au kupinda. Ulipozuka Lamu mwaka 2004, na baadaye Mombasa mwishoni mwa 2017, homa ilikwisha kwa siku chache, lakini baadhi ya watu walibaki na maumivu ya viungo kwa miezi mingi. Mwili unaweza kuchukua muda mrefu kujijenga baada ya vita.

Kwa nini hali hurudi nyuma?

Katika hali hii, mwili ni kama simu yenye betri iliyochoka. Inaonyesha imejaa, lakini ukiitumia kidogo tu inazima. Mgonjwa akifanya kazi kupita nguvu zake, malipo hayaji papo hapo. Huja baada ya saa kadhaa, mara nyingi siku moja au mbili baadaye. Ndiyo maana mama yetu aliangushwa Jumatatu na kazi ya Jumamosi.

Mambo mengine yanayorudisha mgonjwa nyuma ni mafua au homa mpya, kukosa usingizi, kukosa chakula, siku za hedhi, na mawazo mengi kama ya kodi na karo. Wakati mwingine hali hurudi bila sababu ya kuonekana. Usimlaumu mgonjwa, na wewe mgonjwa usijilaumu.

Hali inaporudi, fanya haya:

Kwanza, punguza kazi mara moja. Usijikaze. Lala au keti mahali patulivu, mbali na kelele. Kunywa maji na ule kidogo kidogo: uji, matunda, supu. Ukiinuka, inuka polepole.

Pili, nguvu zikirejea, usirukie kazi zote za awali. Anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya. Kaa hivyo siku kadhaa. Ukiona mwili umekubali, ongeza kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, gawa kazi. Pumzika kabla ya kuchoka, si baada ya kuchoka. Menya viazi ukiwa umeketi. Leo fua nguo za shule, kesho shuka. Ukishuka ngazi, maliza shughuli zote za chini kwa safari moja. Kama uwezo upo, mlipe mama fua kwa zile nguo nzito.

Nne, weka daftari. Kila jioni andika ulichofanya, ulivyolala, na unavyojisikia. Baada ya wiki chache utaona kinachokuangusha. Daftari hilo pia humsaidia daktari kuliko kusema tu, "Ninachoka."

Tano, panga mapema kwa ajili ya siku mbaya. Ni nani atawapeleka watoto shuleni? Ni jirani gani atateka maji? Zungumza nao ukiwa na nafuu. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Nawe mlezi, sikiliza. Usimwambie mgonjwa, "Jana ulikuwa unatembea, leo una nini?" Mwambie, "Pole. Leo pumzika, nitapika." Mwalimu wa mtoto anayeugua aelezwe pia, asije akamkimbiza uwanjani kwa kudhani anategea. Na wewe mwenyewe upate siku ya kupumzika, kwa sababu mlezi akianguka nyumba nzima huanguka.

Lakini angalia: si kila uchovu unatokana na korona. Upungufu wa damu, kisukari, kifua kikuu, virusi vya ukimwi, matatizo ya tezi ya shingo, ujauzito na huzuni ya muda mrefu pia huchosha. Nenda kliniki upimwe kwanza. Kikohozi kikizidi wiki mbili, omba kupimwa kifua kikuu. Na kama una dawa za presha au kisukari, usiziache kwa sababu umepewa mitishamba.

Kimbilia hospitali bila kungoja ukiona dalili hizi: maumivu ya kifua, kuhema hata ukiwa umeketi, kuzimia, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla, kuchanganyikiwa, au mawazo ya kujiua. Hapa kwetu Hospitali ya Mama Lucy Kibaki haiko mbali. Dalili hizi si za kusubiri kesho.

Msikilizaji, tukirudi kwa yule mama wa ghorofa ya nne: hakurudi mwanzo. Aliteleza. Wiki ile alipumzika, jirani akamtekea maji, mtoto mkubwa akafagia. Jumamosi iliyofuata aliamka tena mwepesi. Safari hii alifua nguo tatu, akaketi, akaacha nyingine kwenye beseni. Hiyo pia ni hatua ya kupona.

Kumbuka:
- Siku nzuri si siku ya kumaliza kazi zote.
- Malipo ya kujikaza huja baada ya siku moja au mbili.
- Hali ikirudi, punguza, pumzika, kisha anza na nusu.
- Dalili za hatari ni za hospitali, si za kuvumilia.

Kuteleza si kuanguka.