Rika la Darasani na Namna Linavyowaenzi Waliotangulia

Mtu anayehitimu kidato cha nne katika shule ya bweni nchini Kenya huondoka langoni na vitu viwili: cheti na rika. Cheti hutolewa kabatini mara chache, aghalabu wakati wa kutafuta chuo au ajira. Rika humwandama hadi kaburini. Makala haya yananuia kueleza jinsi rika hilo linavyojishikanisha miaka mingi baada ya mtihani wa mwisho, na hasa linavyotenda pale mmoja wao anapoiaga dunia, kwani ni msibani ambapo uzito wa uhusiano huu hudhihirika, na udhaifu wake pia.

Dhana yenyewe ni kongwe kuliko shule. Miongoni mwa Wakalenjin, majina ya marika kama vile Maina, Chumo, Sawe na Nyongi huzunguka na kurejea baada ya vizazi kadhaa. Wagikuyu nao walilipa kila kundi la waliotahiriwa jina la tukio la wakati huo, likawa kama kalenda ya jamii. Waswahili wa pwani wana neno hirimu. Shule ya bweni ilipokuja ilichukua umbo hili ikalijaza watu wapya: mtoto wa Homa Bay akalala kitanda cha juu, wa Kilifi akalala cha chini, na wote wawili wakaitwa darasa la mwaka fulani. Rika la jadi lilikuwa la damu na ardhi moja. Rika la darasani halina ardhi. Jambo hilo dogo ndilo chanzo cha matatizo mengi yatakayoelezwa hapa.

Zamani habari za wenzi zilisafiri kwa barua, kwa matangazo ya vifo redioni na kwa bahati ya kukutana kituo cha basi. Wengi walijua kwamba mwenzao amefariki miezi baada ya maziko. Simu ya mkononi ilibadilisha hali hiyo, na huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa mwezi wa Machi 2007, habari na mchango vikaanza kusafiri kwa njia moja.

Tanzia inayotumwa kwa wenzi wa darasa ina mahitaji yake. Familia hutangaza jina rasmi la marehemu, pengine likitanguliwa na cheo, na huenda nusu ya darasa isimtambue. Walimjua kwa lakabu. Aliyeitwa Kasisi kwa miaka minne kwa sababu ya kusinzia kanisani hajulikani kwa majina matatu ya kitambulisho. Hivyo basi tanzia iliyo kamili hutaja jina rasmi, lakabu, bweni, mahali na saa ya maziko, na mtu mmoja, si watatu, atakayepokea mchango. Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuichambua lakabu kama pambo la mhusika. Hapa lakabu ni anwani.

Msamiati wenyewe unastahili kuangaliwa kidogo. Marehemu, kwa asili yake ya Kiarabu, ni aliyerehemiwa. Neno hilo ni dua kabla ya kuwa sifa. Hayati limetokana na neno lenye maana ya uhai, na kwa mazoea hutengewa watu mashuhuri. Wenzi wa darasa hawapendi sana lolote kati ya hayo mawili. Wao husema "mwenzetu ametuacha", nafsi ya kwanza wingi ikibeba kazi yote. Tafsida hii ina faida nyingine: haitaji sababu ya kifo, na kuna vifo ambavyo familia haijawa tayari kuvieleza. Mwenye kutunga tanzia hana budi kuiheshimu mipaka hiyo hata kama anajua zaidi.

Baada ya tanzia huja mchango. Desturi iliyoenea ni orodha inayonakiliwa na kurefushwa, kila mmoja akiongeza jina lake na kiasi alichotoa. Orodha hiyo husaidia uwazi, kwa hakika, na hakuna mweka hazina anayetamani kushukiwa. Lakini pia huaibisha. Mwalimu wa shule ya msingi anayelea watoto watano huona jina lake na shilingi 200 chini ya mwenzake aliyetoa 20,000, na mara ya pili hunyamaza. Mara ya tatu hujiondoa kabisa. Kisha anapofariki yeye, wenzake husema hakuwa mtu wa kushirikiana. Vyama vilivyodumu aghalabu vimeitatua shida hii kwa njia sahili: kiasi kimoja kidogo kinacholipwa na wote kila mwezi, na atakaye kuongeza huongeza kwa siri kwa mweka hazina. Methali isemayo kufa kufaana hutumiwa na watu wengi kwa kejeli, wakimlenga anayenufaika na mauti ya mwingine. Mfuko wa namna hii unaipa methali hiyo maana ya pili, ya watu kufaana wakati wa kufa.

Kwa kuwa rika la darasani lina watu wa jamii mbalimbali, msiba hulikuta bila mila moja ya kufuata. Wenzi wa bara wamezoea kifo kinachoacha wiki moja au mbili za maandalizi: mikutano ya jioni, makafani, gari la kusafirisha maiti, mahema. Kwa Mwislamu, haraka ya kuzika ni sehemu ya heshima yenyewe. Mtu aliyefariki Mombasa au Lamu alfajiri huenda akawa amezikwa kabla ya alasiri, kabla hata kamati ya Nairobi haijamchagua mwenyekiti. Hata neno jeneza huleta mkanganyo. Kwa wengi wa bara ni sanduku ambalo marehemu huzikwa nalo, na bei yake ni mzigo wa familia. Pwani, jeneza ni kitanda cha kubebea maiti. Hutoka msikitini na kurudishwa msikitini, naye maiti huzikwa kwa sanda. Kwa hiyo mchango "wa jeneza" unaopelekwa kwa familia ya Kiislamu huwa umejibu swali ambalo halikuulizwa. Kinachofaa ni ubani kwa wafiwa, kuhudhuria hitima pale familia inapoisoma, na kukumbuka kwamba mjane huingia eda ya miezi 4 na siku 10. Katika muda huo si adabu wanaume kumi wa darasa la marehemu kumiminika sebuleni kwake. Hupeleka pole kupitia kaka au mjomba wa familia, au huwatuma wake zao.

Magharibi mwa nchi hali ni tofauti tena. Waluo husisitiza kwamba mtu mzima azikwe nyumbani kwao, na Wabukusu huwa na kumuse, hotuba ya mfariji mteule anayeusimulia umma historia na maadili baada ya maziko ya mzee. Mgeni wa darasani hana nafasi ya kuingilia hapo. Ni vyema kukumbuka kesi ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 baada ya ukoo wa Umira Kager kumshinda mjane wake, Wambui Otieno, mahakamani. Kama mke alishindwa kupata haki ya kuamua kaburi la mumewe, rafiki wa darasani hana hata mlango wa kubisha. Wenzi wanaweza kujua kwamba marehemu alitaka azikwe kwingine, na wakalazimika kusimama kimya na shada la maua mkononi.

Wanachopewa ni dakika chache za taabini. Hotuba hii ya kumsifu marehemu huwa na wasemaji wa aina mbalimbali, nao wenzi wa darasa ndio pekee wanaoruhusiwa kuchekesha. Jambo hili halikuanza leo. Tanzania, ambako utani wa makabila umechunguzwa sana, mtani ana haki ya kufanya mzaha msibani pasi na wafiwa kukasirika. Mwenzi wa bweni amerithi kiti hicho. Atasimulia jinsi marehemu alivyoruka ua kwenda kununua mandazi, na watoto wa marehemu, ambao walimjua baba mkali asiyecheka, hupata kusikia kwa mara ya kwanza kwamba aliwahi kuwa na miaka kumi na sita. Hata hivyo mzaha huu una masharti. Haugusi deni, mapenzi ya zamani wala kifo chenyewe, na hauzidi msemaji mmoja. Watatu wakisimama mfululizo, mazishi hugeuka kuwa tafrija yao.

Kuna marika ambayo hayakupewa muda wa kuzeeka kwanza. Katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos, moto uliowashwa bwenini usiku mmoja wa Machi 2001 uliwaua wavulana 67, na wengi wao walizikwa pamoja katika uwanja wa shule. Kwa walionusurika, kukutana tena kama darasa ni kukutana mbele ya kaburi. Hakuna mwongozo wa taabini unaotosha hapo.

Baada ya maziko ndipo kazi iliyo ngumu huanza, na hapa vyama vingi hulegea. Mabasi hurudi mjini, na watoto wa marehemu hubaki na karo ya muhula ujao. Mchango wa siku moja hununua chakula cha waombolezaji. Karo hudai miaka. Baadhi ya madarasa huwateua wenzi wawili wa kumfuatilia mtoto hadi amalize kidato cha nne, wakiwasiliana na shule moja kwa moja ili mjane asiombe kila Januari. Wengine hupanda mti shuleni, huchangia kikombe cha mashindano chenye jina la marehemu, au husoma majina ya waliotangulia mwanzoni mwa mkutano wa kila mwaka. Mti na kikombe ni rahisi kuliko karo, na pengine ndiyo maana vimeenea zaidi.

Namba ya simu ya marehemu nayo huwa na hatima yake. Ikikaa muda mrefu bila kutumiwa, akaunti yake ya WhatsApp hufutwa, na siku moja wenzi huona taarifa kwamba fulani ameondoka kundini. Kampuni ya simu nayo huweza kumpa mteja mwingine namba hiyo. Ndiyo sababu wasimamizi makini huandika jina, lakabu, bweni na mwaka wa kifo katika daftari la chama kabla ya siku hiyo kufika, na kumwomba mmoja wa familia, mara nyingi kifungua mimba, aingie kundini kwa namba yake mwenyewe.