Asilimia ya Nini? Hesabu za Dukani na Sokoni

Asilimia ni idadi ya sehemu katika kila mia. Asilimia 15 ni 15/100, au 0.15 kwa desimali. Wanafunzi wengi huijua kanuni hii, lakini hukwama swali linapokuja kwa maneno. Ufunguo ni kubaini kwanza asilimia hiyo ni ya nini, yaani kiasi gani kinahesabiwa kuwa 100.

Maswali ya asilimia yako ya aina kuu tatu. Aina ya kwanza hutafuta sehemu. Shati la shilingi 40,000 limepunguzwa bei kwa asilimia 15. Bei ya awali ndiyo 100, hivyo punguzo ni 40,000 × 15/100 = 6,000, na mnunuzi atalipa 34,000. Kwa hesabu ya kichwa, asilimia 10 ya 40,000 ni 4,000. Nusu yake, yaani asilimia 5, ni 2,000. Jumla ni 6,000.

Aina ya pili hutafuta asilimia yenyewe. Mchuuzi amenunua trei ya mayai kwa shilingi 8,000 na kuiuza kwa 10,000. Faida ni 2,000. Katika hesabu za shule, faida au hasara hulinganishwa na bei ya kununulia, kwa hiyo jibu ni 2,000/8,000 × 100 = asilimia 25. Anayegawanya kwa 10,000 hupata asilimia 20, kwa kuwa ameishika bei ya kuuzia.

Aina ya tatu hutafuta kiasi kizima, na ndiyo inayowakosesha wengi. Chukua Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, kwa kiwango cha asilimia 18 kilichozoeleka Tanzania Bara. Redio inauzwa shilingi 59,000, kodi ikiwemo. Bei kabla ya kodi ni ngapi? Kosa la kawaida ni kutoa asilimia 18 ya 59,000. Kodi haikutozwa juu ya 59,000, bali juu ya bei isiyo na kodi. Bei hiyo ndiyo 100, na 59,000 ni 118. Basi 59,000 ÷ 118 × 100 = 50,000, na kodi ni 9,000. Nchini Kenya, ambako kiwango cha kawaida ni asilimia 16, mgawanyo ungekuwa kwa 116.

Mabadiliko yanayofuatana pia yanahitaji uangalifu. Bidhaa ya shilingi 50,000 ikipanda bei kwa asilimia 20 hufika 60,000. Ikishuka tena kwa asilimia 20 hairudi 50,000, kwa sababu sasa asilimia inapigwa juu ya 60,000: hupungua 12,000 na kubaki 48,000. Vivyo hivyo, punguzo la asilimia 10 likifuatwa na jingine la asilimia 10 si punguzo la asilimia 20. Kitu cha 10,000 hushuka hadi 9,000, kisha 8,100. Punguzo lote ni asilimia 19.

Mwanafunzi akishapata jibu, alihakiki kwa kurudi nyuma. Kwa ile redio, asilimia 18 ya 50,000 ni 9,000, na jumla yake ni 59,000. Jibu lisilorudi kwenye namba za swali lina kosa, na mara nyingi kosa hilo liko kwenye kiasi kilichochukuliwa kuwa 100.