Mvua ya Mawe Ikipiga Paa: Tuhesabu Gharama Yote, Si Mabati Peke Yake



Alasiri moja huko upande wa Kericho tulikuwa mkutanoni na kikundi cha kina mama. Mvua ya mawe ikaanza. Kelele ya mabati ilikuwa nyingi hata hatukuweza kusikiana, tukakaa tu tukitazamana. Haikufika nusu saa ikaisha. Tulipotoka nje tulikuta ua wote ni mweupe kama umemwagwa chumvi. Majani ya chai yalikuwa yamechanika, na mahindi yamebaki vijiti vitupu.

Jioni hiyo tulipita nyumba kwa nyumba. Kwa mama mmoja mjane tulikuta paa lake la zamani, lililokuwa limeshika kutu, limetobolewa upande wote ulioelekea upepo. Kikundi kilimhurumia, na wiki hiyo hiyo wakachanga. Pesa zote zikaenda dukani kununua mabati, na kila mtu akaona kazi imekwisha.

Lakini fundi alipopanda juu alishuka upesi akasema, "Mama, mimi siwezi kupigilia bati mpya kwa mbao imeoza. Upepo ukija kuling'oa, mtaniita mimi mwizi." Pesa ya mbao haikuwako. Misumari ilikuwa kidogo, na fundi mwenyewe hakuwa amewekewa kitu. Basi mabati mapya yakaegemezwa ukutani wiki sita, watoto wakilala jikoni. Mama huyo alikuwa na mabati, lakini hakuwa na paa.

Ndiyo sababu safari hii tumeona tuandike juu ya gharama ya kuezeka upya. Neno letu ni hili: tuhesabu paa zima, na tulihesabu kabla ya mvua, kwa maana siku mvua inapovunja paa ndiyo siku hiyo hiyo inaharibu shamba ambalo lingetupa pesa ya kulitengeneza.

KWA NINI SEHEMU HIZI HUPATA MAWE MENGI?

Milima ya Kericho na Nandi inajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe. Mchana upepo wenye unyevu hutoka upande wa Ziwa Victoria na kupanda milima, ukakutana na ule unaotoka mashariki. Hewa hiyo hupanda juu sana, mpaka mahali ambapo maji huganda kuwa barafu. Kwa kuwa sisi tunakaa juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, barafu hiyo haina safari ndefu ya kuyeyuka kabla ya kutufikia. Ndiyo maana mawe huja mara nyingi alasiri.

Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni ya chai yalijaribu kupigana na mawe haya kwa kurusha ndege zilizotia dawa mawinguni. Na si Kericho na Nandi peke yake. Mwezi wa Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mawe yalifunika ardhi hata watu wakadhani ni theluji. Kwa hivyo mtu asiseme, "Hiyo ilikuwa bahati mbaya, haitarudi." Itarudi.

KWANZA TUKAGUE, HALAFU TUNUNUE

Si kila paa lililopigwa linahitaji kubadilishwa. Ngojeni mabati yakauke, kwa maana bati lenye maji huteleza, na watu wameanguka. Kisha mkague hivi:

1. Mtu mmoja aingie ndani, milango ifungwe, atazame juu. Mahali mwanga unapopenya ndipo kuna tundu. Aweke alama na kuhesabu ni mabati mangapi.

2. Bati lililobonyea bila kutoboka halivuji. Liache. Lakini kila baada ya miezi michache litazamwe, kwa sababu pale ngozi yake ya juu ilipopasuka kutu huanza.

3. Tundu dogo moja au mawili yanaweza kuzibwa kwa kitambaa kizito na lami. Bati lenye matundu mengi na kutu usilipotezee lami.

4. Gusa mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao hiyo imeoza, hata kama juu yake bati ni zima.

5. Tazama kila upande wa paa peke yake. Mawe huja na upepo, na mara nyingi upande mmoja ndio huumia zaidi.

Onyo moja: nyumba zingine za zamani zina paa la asbesto. Likipasuka, msilivunje zaidi, msilifagie likiwa kavu, wala watoto wasicheze na vipande. Vumbi lake huharibu mapafu. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, kwa hivyo peleka habari kwa ofisi ya mazingira ya kaunti kabla ya kuligusa.

HESABU YA PAA MOJA

Tuchukue nyumba ya mita 6 kwa mita 9, paa la pande mbili. Tunaongeza nusu mita kila upande ili maji yasipige ukuta. Urefu wa paa utakuwa mita 10. Kutoka juu kileleni hadi chini ukingoni, kwa sababu ya mteremko, ni kama mita 3 na senti 80. Mabati mawili ya mita 2, moja likilalia lingine senti 20, yanatosha kabisa.

Kwa upana, bati likilalia mwenzake tuseme hubaki senti 75. Mita 10 ukigawanya kwa senti 75 unapata 13 na kidogo. Duka haliuzi kidogo, kwa hivyo ni 14. Mistari miwili kila upande, pande mbili: 14 mara 4 ni mabati 56.

Sasa pesa. Bei tunazoandika hapa si za duka lolote. Ni namba rahisi za kujifunzia hesabu tu. Ninyi mfute, mwandike bei za soko lenu za wiki hiyo.

Mabati 56 kwa shilingi 1,000: 56,000
Kofia za paa 6 kwa shilingi 600: 3,600
Misumari ya mabati kilo 8 kwa shilingi 250: 2,000
Mbao za kubadilisha zilizooza: 3,000
Gari la kubeba: 4,000
Fundi na msaidizi wake: 10,000
JUMLA: 78,600
Ongeza sehemu moja ya kumi kwa yale hatukuyaona: 7,860
JUMLA KUU: shilingi 86,460

Tazameni vizuri. Mabati ni 56,000, lakini paa ni 86,460. Hiyo tofauti ya zaidi ya 30,000 ndiyo iliyomlaza yule mama jikoni wiki sita.

Kama ni upande mmoja tu umeumia, mabati ni 28 kwa shilingi 28,000. Misumari ni 1,000, mbao 1,500, fundi 5,000. Lakini kofia ni zile zile 3,600 na gari ni lile lile 4,000. Jumla ni 43,100, na pamoja na sehemu ya kumi ni 47,410. Mnaona kwamba nusu ya paa haigharimu nusu ya pesa, inazidi. Kwa hivyo majirani wawili wenye nusu nusu wakodi gari moja.

MABATI GANI?

Dukani mtaulizwa geji. Watu wengi hufikiri namba kubwa ndiyo bati nene. Hapana. Ni kinyume: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Someni namba iliyopigwa kwenye bati lenyewe pamoja na alama ya ubora ya KEBS, msisikie ya mdomo peke yake.

Tuseme bati la geji 32 ni shilingi 1,000 na la geji 30 ni 1,200. Kwa mabati 56 tofauti ni shilingi 11,200. Ni pesa nyingi, hatukatai. Lakini paa jembamba likitoboka mapema, mbali na mabati mengine utalipa tena fundi 10,000, gari 4,000 na misumari 2,000. Hizo ni 16,000 ambazo hazikununua hata bati moja. Anayeweza, afadhali angoje kidogo anunue nene. Asiyeweza, aweke nene upande unaopigwa na upepo, na jembamba upande mwingine.

Ukichanganya mapya na ya zamani, beba kipande cha bati la zamani mpaka dukani ulinganishe mawimbi. Mawimbi yasipolingana, mabati hayalaliani, na maji yatapita katikati. Msumari upigwe juu ya mgongo wa wimbi, na uwe na mpira wake. Ukipigwa bondeni ambapo maji hupita, umejitoboa mwenyewe bila kungoja mawe.

Mabati ya zamani yenye afadhali msiyatupe. Yanafaa kuezeka choo, banda la kuku au la ng'ombe.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kusaidiana kwa mabati si jambo geni Kenya. Katika miaka ya 1960 kina mama katika sehemu za Mkoa wa Kati wa wakati ule walichanga pesa kidogo kidogo, wakaezekana mmoja baada ya mwingine mpaka nyasi zikaondoka. Vikundi hivyo vikaitwa vikundi vya mabati. Mzunguko ule ulifaa, kwa sababu kila mmoja aliweza kungoja zamu yake.

Lakini mvua ya mawe haijui zamu. Inapiga kijiji kizima siku moja. Tuseme kikundi chenu kina watu 20, na kila mmoja anatoa shilingi 100 kwa wiki. Hizo ni 2,000. Paa moja la 86,460 litachukua wiki 44. Kama nyumba tano zimebomolewa mabati, ni zaidi ya miaka minne! Na wakati huo chai imechanika na mahindi hakuna, kwa hivyo hata hiyo 100 itatoka wapi?

Hatusemi haya ili mkate tamaa. Tunasema ili kikundi kisiahidi kile hakiwezi. Kwa vikundi tulivyotembea navyo, mambo haya yamesaidia:

Kwanza, mfuko wa paa uwe kando, usichanganywe na pesa za mzunguko. Uanze kipindi cha mavuno, si siku ya msiba.

Pili, lengo la mfuko liwe chumba kimoja kikavu kwa kila nyumba, si paa zima kwa mtu mmoja. Mabati mazima yatolewe pande zote mbili, yakusanywe juu ya chumba cha kulala, na kikundi kiongeze machache yaliyopungua. Sehemu ile ingine iwekwe turubai mpaka pesa ipatikane.

Tatu, kazi ya mikono isilipwe pesa. Kung'oa misumari, kubeba mbao na kupika chakula cha fundi ni kazi yetu. Mwenye miti atoe mti. Fundi alipwe yale ya ufundi peke yake.

Nne, mkubaliane mapema nani anatangulia: nyumba yenye mgonjwa, mtoto mchanga, mzee anayekaa peke yake. Liandikwe katika kitabu cha kumbukumbu siku hakuna mawingu. Ukingoja mpaka mawe yapige, kila mtu ataona nyumba yake ndiyo ya kwanza, na kikundi kitavunjika pamoja na mapaa.

Tano, mfanye urafiki na kikundi cha mbali, ng'ambo ya kilima kingine. Mara nyingi mawe hupiga ukanda mmoja na kuacha mwingine. Mwaka huu ni wao wanatuchangia, mwaka ule ni sisi.

Sita, habari ipelekwe kwa naibu wa chifu mapema, pamoja na orodha ya nyumba na hesabu iliyoandikwa vizuri. Mkono mtupu hurudi mtupu, lakini hesabu safi husikilizwa.

Na yule mama? Mwishowe kina mama walikutana tena. Mmoja alitoa mti wa mikaratusi, wengine wakachanga pesa ya misumari, na fundi akakubali nusu sasa na nusu baada ya bonasi ya chai. Kazi ilikuwa ya siku mbili. Walitushangaza walipotuambia, "Hata siku ya kwanza tungeweza, lakini hakuna mtu alikuwa ameuliza paa ni kitu gani na gani."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni nyumba ngapi zina mabati yaliyoshika kutu? Zina akina nani ndani?

2. Pimeni nyumba ya mwanachama mmoja. Fanyeni hesabu kama tulivyofanya hapa, kwa bei za soko lenu. Mmepata ngapi?

3. Mawe yakipiga leo jioni, kikundi chetu kinaweza kutoa nini kesho asubuhi?

4. Ni nani atatangulia, na tumeliandika wapi?

Mkimaliza, tutumieni hesabu yenu kupitia kwa katibu wa kikundi. Tutafurahi kuisoma, na tutakapowatembelea tutaanzia hapo.