Ushuru wa Soko: Semeni Mapema

Wakulima wengi huuliza: ni nani apangaye ushuru wa soko mjini Machakos? Zamani ilikuwa kazi ya Baraza la Mji. Baraza hilo lilikoma mwaka 2013, na kazi yake ikashikwa na Serikali ya Kaunti.

Mtoza ushuru aliyesimama langoni hapangi kiasi. Katiba ya mwaka 2010 yasema hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa pasipo sheria. Sheria ya ada za kaunti hupitishwa na Bunge la Kaunti, na kabla ya kupitishwa ni lazima wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni.

Basi, mkulima mwenye magunia mawili ya maharagwe, akigombana langoni, amechelewa. Afadhali amwulize mwakilishi wa wadi siku ya mkutano, aende na jirani zake, nao waeleze ni kiasi gani wawezacho kulipa. Makadirio ya fedha hupelekwa Bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai.

Ukilipa, dai risiti. Mkulima mwema hutayarisha shamba kabla ya mvua; na maneno ya ushuru ni vivyo hivyo.