Majeneza Sita ya Jenerali

Wasikilizaji, katika uchaguzi wa Rais wa Marekani wa mwaka 1828 ilisambazwa karatasi iliyochorwa majeneza meusi, kila jeneza na jina la marehemu wake. Aliyeichapisha ni John Binns, mwenye gazeti mjini Philadelphia, na aliyekusudiwa kuchafuliwa ni Jenerali Andrew Jackson, mpinzani wa Rais John Quincy Adams.

Majeneza sita ya kwanza hayakuwa uzushi. Mwezi Februari 1815, huko Mobile, wanamgambo sita wa Tennessee walipigwa risasi baada ya mahakama ya kijeshi kuwatia hatiani kwa uasi na kutoroka kambini. Kiini cha shauri lao kilikuwa muda wa utumishi. Wao walishikilia kwamba waliitwa kwa miezi mitatu, nayo imekwisha. Wakubwa wao walisema ni miezi sita. Askari yeyote aujua uzito wa swali hilo. Jackson aliithibitisha hukumu ilhali pigano la New Orleans amekwisha lishinda, na mkataba wa amani umekwisha tiwa sahihi Ulaya, ingawa habari zake zilikuwa bado baharini.

Hapo palikuwa na hoja nzito: je, jenerali ana haki ya kutotoa msamaha adui akiwa amekwisha shindwa? Hoja hiyo ilistahili kuulizwa mbele ya wapiga kura. Lakini picha ya jeneza yasomwa hata na asiyejua kusoma, na watu wa Binns walilijua hilo. Kesi ya kijeshi ikageuzwa kuwa hadithi ya mwuaji.

Wafuasi wa Jackson nao hawakukaa kimya. Walizua kwamba Adams, alipokuwa balozi nchini Urusi, alimtafutia mfalme wa huko msichana. Upande wa Adams ukamgeukia Rachel, mke wa Jackson. Wawili hao walioana mwaka 1791 wakidhani talaka yake ya kwanza imekamilika. Ilikamilika mwaka 1793, wakafunga ndoa upya mwaka uliofuata. Miaka zaidi ya 30 baadaye magazeti yalimwita mzinzi.

Jackson alishinda kwa kura 178 za wajumbe dhidi ya 83. Rachel alifariki tarehe 22 Desemba 1828, kabla mumewe hajaapishwa, na Jackson aliwashika wachongezi kuwa ndio waliomwua. Wale wanamgambo sita hawakutajwa tena sana, kwani kura zilikuwa zimekwisha hesabiwa.